Wawindaji Walioandika Vitabu, na Faida ya Kuvikusanya

Mazungumzo ya leo ni juu ya vitabu vya namna moja, navyo ni vile vilivyoandikwa na wawindaji wa wanyama wakubwa, hasa wale waliowinda katika nchi zetu za Afrika. Huenda mtu akauliza, “Vitabu hivyo vina haja gani kwetu? Wengi wetu hatuna bunduki, wala hatutafuti pembe.” Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wanyama wa nchi ni mali. Na maarifa ya mtu ajuaye nyayo zao, maji wanayokunywa na saa wanayolala, hayo nayo ni mali. Babu zetu walikuwa na maarifa hayo tele. Wakamba na Waliangulu waliwaua ndovu kwa upinde na sumu ya mishale. Wamakua walisifika kwa bunduki zao upande wa kusini. Walakini aghalabu hawakuandika neno. Wageni waliofuatana nao porini ndio walioandika. Basi vitabu vya wageni hao, pamoja na kasoro zake zote, ni daftari la mali ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa yetu. Kwa sababu hiyo vyafaa kukusanywa, na kwa sababu hiyo vyafaa kusomwa kwa macho mawili: jicho moja la kumtazama mwandishi, na jicho la pili la kumtafuta mtu aliyesimama nyuma yake ameshika bunduki ya akiba.

Na tuanze na Frederick Courteney Selous, kwa kuwa wengi huhesabu kwamba yeye ndiye mkuu wao. Alizaliwa London mwaka 1851. Katika ujana wake alisoma vitabu vya waliomtangulia, na kimoja kilichomwingia sana moyoni ni kile cha William Charles Baldwin, kilichotoka mwaka 1863, kinachoeleza uwindaji tangu Natal hata mto Zambezi. Angalieni basi nguvu ya kitabu: kijana alikisoma shuleni Uingereza, na kabla hajatimiza miaka 20 alikwisha shuka pwani ya Afrika ya Kusini, mwaka 1871. Mwaka uliofuata alikwenda kwa Lobengula, mfalme wa Wamatabele, kuomba ruhusa ya kuwinda ndovu. Mfalme alimcheka, maana alimwona ni mtoto tu. Hata hivyo akampa ruhusa.

Bunduki zake za kwanza zilikuwa magobori makubwa ya kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, na kila risasi ilikuwa donge la robo ratili. Kwa magobori hayo aliua ndovu 78 kati ya mwaka 1872 na 1874. Lakini kila yalipolia yalimpiga begani kwa nguvu nyingi mno, na baadaye aliandika kwamba yalimharibia shabaha yake, akajuta kuyatumia. Mwandishi wa uongo hujisifu kwa silaha zake. Selous aliwaambia wasomaji wake ubaya wa zile za kwake, na hiyo ni alama moja ya mwandishi wa kuaminika.

Alama ya pili ni hii. Katika kitabu chake cha kwanza, A Hunter's Wanderings in Africa, kilichochapwa mwaka 1881, ameeleza waziwazi ni nani aliyemfundisha kazi. Katika nchi yenye mbung'o farasi hawaishi, basi sharti ndovu awindwe kwa miguu. Aliyemwongoza Selous katika kazi hiyo alikuwa Mkhoikhoi mmoja aliyeitwa Cigar, ambaye zamani alikuwa mpanda farasi wa mashindano katika mji wa Grahamstown. Selous amemsifu kwa kuwa hakumwonea wivu mgeni wake. Jina la mtu huyo lingekwisha potea kama majani ya mwaka jana, lakini leo mtu yeyote afunguaye kitabu kile humkuta.

Tena kitabu hicho chaonyesha jambo lingine, ambalo labda mwandishi hakulikusudia. Ukisoma safari zake mwaka baada ya mwaka, utaona ndovu wanapungua mbele ya macho yako. Ilipokaribia mwaka 1880 kazi ya pembe kusini mwa Zambezi haikumpa mtu riziki ya kutosha, na Selous akageukia kazi ya kukusanya ngozi na mifupa kwa ajili ya nyumba za makumbusho. Mwisho wake ulikuwa katika nchi yetu. Wakati wa vita kuu ya kwanza aliingia jeshini ingawa alikuwa mtu mzima, akauawa kwa risasi Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, umri wake miaka 65. Huko huko alizikwa. Pori kubwa la akiba la upande ule liliitwa kwa jina lake tangu mwaka 1922, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kitabu cha pili ni kile kinachojulikana zaidi kuliko vyote katika nchi za Afrika ya Mashariki, nacho ni The Man-Eaters of Tsavo cha J. H. Patterson, kilichotoka mwaka 1907. Dibaji yake iliandikwa na Selous mwenyewe. Habari yenyewe wengi mmeisikia. Mwaka 1898 Patterson aliletwa kusimamia ujenzi wa daraja la reli penye mto Tsavo. Simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni wakawa wanaingia kambini usiku na kuwachukua watu hemani. Kazi ilisimama muda wa wiki tatu, kwa kuwa Wahindi waliojenga reli walikimbia kwa mamia. Patterson aliua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba ya mwaka ule.

Katika mapambano ya mwisho lipo jambo dogo ambalo napenda mlifikiri. Simba wa pili alipokuwa amejeruhiwa alimjia Patterson kwa kasi. Patterson akageuka kuchukua bunduki ya pili kwa mshika-bunduki wake, Mahina. Mahina hayupo, amekwisha panda mti, na bunduki anayo. Patterson naye akapanda. Wasomaji wengi huicheka habari hii. Mimi nasema, ufikirini kwanza msimamo wa mshika-bunduki. Kazi yake ni kusimama mbele ya mnyama mkali na silaha iliyojaa mikononi mwake, lakini silaha si yake. Wajibu wake ni kuitoa, si kuipiga. Anatakiwa awe na ushujaa wote wa mwindaji pasipo haki ya kujilinda kama mwindaji. Kwa kila Mahina aliyekimbia mara moja wako wengi waliosimama imara, na vitabu hivi vyenyewe hushuhudia hivyo mara kwa mara, kwa mstari mmoja au miwili.

Kitabu cha Patterson chatufundisha pia kupima hesabu. Katika kitabu alisema kwamba simba wale waliwaua Wahindi 28, na Waafrika wengi ambao idadi yao haikuandikwa. Miaka mingi baadaye, katika kijitabu kingine, alitaja watu 135. Ngozi na mafuvu ya simba hao aliziuza mwaka 1924 kwa Field Museum ya Chicago, Marekani, nazo zimehifadhiwa huko hata leo. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa na nywele zao, maana chakula alacho mnyama huacha dalili mwilini mwake, wakakadiria kwamba walioliwa walikuwa watu kama 35. Waliouawa pasipo kuliwa hawaonekani katika hesabu ya namna hiyo. Basi hatusemi kwamba Patterson alidanganya. Twasema kwamba idadi iliyoandikwa kitabuni haiwi kweli kwa sababu imechapwa tu. Na tena twasema kwa huzuni kwamba Waafrika waliokufa Tsavo hawakuhesabiwa na mtu siku zile, wala hapana awezaye kuwahesabu kwa majina sasa.

Hapa niruhusuni nivuke bahari mpaka Uhindi, maana yuko mwandishi wa huko aliyezikwa kwetu, naye aliandika juu ya jambo hili hili la wanyama walao watu. Jim Corbett alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Naini Tal, chini ya milima ya Himalaya. Kitabu chake Man-Eaters of Kumaon kilitoka mwaka 1944 na kikaenea dunia nzima. Ndani yake amesimulia habari ya chui milia jike wa Champawat, aliyesemekana kuwaua watu 436 kabla hajauawa mwaka 1907. Corbett hakutosheka kusema kwamba mnyama yule alikuwa mwovu. Alimfungua kinywa, akaona meno mawili ya upande wa kuume yamevunjika kwa risasi ya zamani, hata mnyama akashindwa kukamata mawindo yake ya asili. Basi mwindaji mmoja asiyemaliza kazi yake aliwaletea msiba mamia ya watu wasiomjua. Jambo la ajabu ni kwamba wataalamu walipochunguza mafuvu ya simba wa Tsavo, walimkuta mmoja wao naye ana jino lililovunjika na usaha taya yake. Vitabu viwili vya nchi mbili vikiwekwa pamoja hutoa elimu ambayo kimoja peke yake hakiwezi kuitoa. Corbett alihamia Kenya mwaka 1947, akaandika vitabu vingine kadha akiwa Nyeri, akafariki huko mwaka 1955. Kaburi lake liko katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri.

Turudi sasa kwa wawindaji wa pembe wa nchi zetu. Arthur Neumann aliondoka Mombasa mnamo mwaka 1893 na msafara wa wapagazi Waswahili, akafika nchi za mlima Kenya na Ziwa Rudolf, ambalo leo huitwa Ziwa Turkana. Kitabu chake, Elephant Hunting in East Equatorial Africa, kilichapwa mwaka 1898. Siku moja bunduki yake haikulia, na ndovu jike akamwangusha na kumponda kifua. Aliyemwokoa hapo si ushujaa wake. Ni watu wake waliomwuguza na kumchukua wiki nyingi mpaka alipoweza kusimama tena. Katika kitabu hicho pia ameandika kwa majonzi habari ya mtumishi wake aliyemwita Shebane, jina ambalo bila shaka ni Shabani, aliyechukuliwa na mamba mbele ya macho yake katika maji ya ziwa lile.

Wa kupendwa na kila mwalimu wa Kiswahili ni Chauncey Hugh Stigand, aliyezaliwa mwaka 1877. Alikuwa askari, tena mwindaji hodari wa ndovu, na kitabu chake Hunting the Elephant in Africa kilitoka mwaka 1913. Lakini mtu huyu alikuwa na masikio ya kusikia lugha kama alivyokuwa na macho ya kuona nyayo. Mwaka ule ule alitoa The Land of Zinj, ambamo ameweka tarehe za Pate kama alivyosimuliwa na Bwana Kitini. Na mwaka 1915 kilitoka kitabu chake juu ya lahaja za Kiswahili, ndani yake mkiwa na Inkishafi pamoja na tafsiri ya padre W. E. Taylor. Aliuawa katika Sudan mwaka 1919. Hebu fikirini: katika rafu moja mtu aweza kuweka kitabu cha ndovu na kitabu cha lahaja za lugha yetu, na mwandishi ni yule yule mmoja.

Wako pia waandishi waliopenda zaidi habari ya bunduki zenyewe. W. D. M. Bell wa Scotland, aliyezaliwa mwaka 1880 na kuwinda sana upande wa Karamoja, aliua ndovu zaidi ya 1,000. Wengine walitumia bunduki nene na nzito. Yeye alipenda bunduki nyepesi, yenye tundu la mtutu la milimita 7 tu. Siri yake ameieleza katika The Wanderings of an Elephant Hunter, kitabu cha mwaka 1923: alikipasua kichwa cha ndovu kwa msumeno ili aone ubongo ulipo, na tangu hapo akajua mahali pa kupiga akisimama upande wowote. John Taylor, aliyewinda katika Msumbiji, alishika njia nyingine. Katika kitabu chake African Rifles and Cartridges cha mwaka 1948 alipanga hesabu ya nguvu ya risasi kwa uzito wake, mwendo wake na upana wake, akashauri bunduki yenye kishindo kwa wanyama wa hatari. Ubishi huo haujaisha kwa wapenda bunduki. Mimi naona kila mmoja alisema kweli ya upande wake: risasi ndogo yamtosha ajuaye barabara mahali pa kuipeleka, na wajuao hivyo ni wachache. Mwanafunzi asiyetaka kuwinda kamwe aweza kuchukua fundisho lile lile: maarifa hupunguza haja ya nguvu.

Sasa tuje kwenye kukusanya. Mfano wangu ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Kitabu cha safari yao, African Game Trails, kilitoka mwaka 1910. Baba na mwana waliua wanyama 512, na kitabu kina orodha yao. Lakini kilichonivuta zaidi ni maktaba yake. Alichukua vitabu vipatavyo 60, vimefungwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho, vumbi na mafuta ya bunduki, vikatiwa katika sanduku jepesi. Na uzito wake wote haukupita ratili 60, yaani mzigo wa mpagazi mmoja. Majina ya vitabu vyote yamechapwa. Wapagazi wa msafara ule walikuwa zaidi ya 200, nao wengi wao hawakupata kutajwa kwa majina. Kumbukeni jambo hilo kila mshikapo kitabu cha safari: kabla kitabu hakijakaa mezani, kilikaa kwanza kichwani mwa mtu.

Mtu mwenye mshahara mdogo asikate tamaa. Chapa za kwanza za vitabu hivi ni ghali mno na hununuliwa na matajiri, lakini vingi vimechapwa tena na tena, na maneno ni yale yale. Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa jina utazame mwaka. Kisha angalia kama ramani na picha zimo, maana chapa nyingine za rahisi huziacha, na kitabu cha safari kisicho na ramani ni kama nyumba isiyo na mlango. Ukiisha kukipata, usikiweke chini wala kukigusisha ukuta wa udongo, kwa ajili ya mchwa; kifunue jua likiwa kali wakati wa masika, unyevu utoke. Shule au chama cha kijiji chaweza kuchanga na kuweka rafu moja kwa faida ya wote.

Juu ya hayo, nawashauri wenye vitabu waweke na daftari. Upande mmoja wa ukurasa andika jina la mwandishi, mahali na mwaka. Upande wa pili andika jina la kila mwenyeji unayemkuta kitabuni: aliyeongoza njia, aliyepika, aliyeshika bunduki, aliyekufa. Cigar, Mahina na Shabani watakuwa wa kwanza. Utashangaa jinsi orodha inavyoongezeka.

Pana sababu ya kufanya haraka. Katika nchi ya Selous hesabu ya mwaka 1976 ilitoa ndovu zaidi ya 100,000. Ile ya mwaka 2013 ilitoa kama 13,000 tu. Mauaji hayo hayakufanywa na wazee wale wa vitabu; ni kazi ya majangili wa siku za karibuni na wafanya biashara wa pembe walio nyuma yao, ingawa mataifa yalikubaliana mwaka 1989 kuipiga marufuku biashara hiyo. Lakini wanyama wakipungua, na wajuzi wao hupungua pia. Kenya ilikataza uwindaji wa leseni mwaka 1977, na vijana wengi wamekua pasipo kuona nyayo za ndovu. Mzee ajuaye kusoma ardhi iliyokanyagwa, ajuaye jina la kila mtego na kila mti wa sumu, akifa leo hatarudi kutusimulia.

Basi ninyi wanafunzi, mkiisha kusoma vitabu vya wageni, nendeni kwa wazee wenu na kalamu. Waulizeni kwa adabu, andikeni kwa lugha yao na maneno yao, na mwisho wa habari tieni jina la msimulizi, mahali na tarehe. Selous, Neumann na Bell hawakuwa watu wa ajabu kuliko wale waliofuatana nao. Walichowazidi ni kwamba usiku, watu walipokwisha kulala, wao waliandika. Kazi hiyo mtoto yeyote ajuaye kusoma aweza kuifanya. Kwaherini.